Chuma hakiungui, kilichomo ndani ndicho kinachoungua

Swali hili limetoka Ngamiani, Tanga, kwa katibu wa chama cha akiba na mikopo. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mzee. Mwezi uliopita duka la pili kutoka kwetu liliungua usiku. Sisi tulisalimika, ila tangu siku hiyo silali vizuri. Tuna leja za miaka 19, mikataba ya mikopo, mihutasari ya vikao, risiti, na hati za nyumba na viwanja ambazo wanachama wameweka dhamana. Vyote vimo kwenye kabati la mbao na makatoni. Fundi wa kuchomelea ametupa bei ya kabati la chuma nene, anasema chuma hakiungui. Mweka hazina anataka sefu ya kubonyeza namba aliyoiona dukani. Mwenyekiti anasema tupige picha kwa simu basi yaishe. Tumsikilize nani? Na hizo hati tukizilaminisha zitasalimika?"

Marahaba, Bi Katibu. Poleni na mshtuko. Katika hao watatu, aliye karibu zaidi na ukweli ni mwenyekiti, ingawa naye amesimama njiani. Nianze na fundi, maana pesa zenu ziko mbioni kwenda kwake.

Ni kweli chuma hakiungui. Hata sufuria haiungui, lakini wali uliomo ndani huiva, ukiusahau hushika ukoko, na ukizidi kuusahau unakuwa mkaa. Kabati la shiti ya chuma, hata iwe nene vipi, ni sufuria yenye mlango. Linazuia mwali usiiguse karatasi, halizuii joto. Na karatasi haingoji kuguswa na mwali. Ikifika karibu nyuzi 230 za Selsiasi inashika moto yenyewe, na kabla ya hapo imeshakuwa ya kahawia na inameguka kama kaukau. Chumba kinapowaka chote, joto lake linapita nyuzi 600. Kabati la chuma tupu katika moto wa namna hiyo litakununulia dakika chache tu. Linafaa kwa panya, kwa mchwa na kwa mwizi asiye na haraka, na kwa hayo sina ugomvi nalo.

Nimekaa masijala zaidi ya nusu ya umri wangu, na jambo hili sikulisoma, nililiona. Katika ofisi moja ya pwani stoo iliungua usiku. Asubuhi tukakuta kabati la chuma la droo nne limesimama wima katikati ya majivu, rangi imebambuka, kitasa kimelegea. Mkubwa wetu akafurahi, akaamuru lifunguliwe pale pale. Chuma kilikuwa bado kinachoma mkono, fundi alilivuta droo kwa kipande cha gunia. Mle ndani majalada yalikuwa yamepangwa kama tulivyoyaacha. Yalikuwa ya kahawia kama tambuu iliyokauka, lakini mazima; namba za majalada zilisomeka. Tukaanza kushangilia. Kisha upepo wa asubuhi ukaingia, kingo za karatasi zikaanza kuwa nyekundu taratibu, kama mtu anayevuta sigara, na kabla ndoo ya maji haijafika droo zima lilikuwa linawaka.

Mle ndani joto lilikuwapo la kutosha, kilichokosekana ni hewa. Sisi ndio tulioipelekea. Somo hili ni la zamani: baada ya moto mkubwa wa San Francisco mwaka 1906 wenye mabenki walijifunza kuziacha hazina zao zimefungwa siku nyingi mpaka zipoe kabisa, kwa sababu waliofungua mapema waliona noti zikiwaka mbele yao. Basi likiwafika la kuwafika, kabati au sefu isifunguliwe mpaka ubavu wake umepoa kama ukuta wa kawaida, na hata hapo muipe siku zaidi. Simameni na ndoo ya maji pembeni.

Sasa sefu ya mweka hazina. Zile ndogo za kubonyeza namba zinazouzwa madukani, nyingi ni mabati mawili na kitasa cha betri. Zimetengenezwa kwa ajili ya mwizi. Sefu ya moto ni kitu kingine, na utaitambua kwa ukuta wake: mnene kama upana wa vidole vitatu au zaidi, umejazwa kitu kinachofanana na zege jepesi au jipsamu. Siri iko kwenye hiyo jipsamu. Ni ile ile ya dari za siku hizi, na sehemu ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe. Moto ukiupiga ukuta, maji yale hutoka kama mvuke, na muda wote yanapotoka, ndani hakuzidi joto sana. Maji yakiisha, kinga imekwisha. Ndiyo maana sefu ya moto hupimwa kwa saa.

Ukienda kununua, usisikilize maneno "haishiki moto". Tafuta kibandiko chenye vitu viwili: kiwango cha joto na muda. Vipimo vya Marekani huandika 350, kwa sababu wenzetu wale hupima kwa Farenhaiti. Hiyo ni nyuzi 177 za Selsiasi, na maana yake ni kwamba ndani hakutapita hapo kwa saa 1 au 2 huku tanuri la majaribio likipandishwa mpaka kiasi cha nyuzi 927 kwenye saa ya kwanza. Vya Ulaya vina herufi na dakika, kwa mfano S 60 P, ambapo P ni karatasi. Sefu isiyo na namba hizo ichukulie kuwa kabati. Ya mitumba iliyokaa miaka mingi nayo itilie shaka, maana ukuta wake umekuwa ukikauka kidogo kidogo. Na fundi asije akaitoboa mgongo ili aifunge ukutani isipokuwa mtengenezaji ameacha tundu lake. Kila tundu ni mlango wa joto.

Lakini sefu ya namna hiyo ni ghali, ni nzito, na leja za miaka 19 hazitaenea humo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, fanyeni kazi isiyogharimu kitu: kaeni siku moja mgawe karatasi zenu kwa swali moja tu. Hii ikiungua leo, iko wapi nyingine?

Mtashangaa. Watu wengi huweka hati miliki ya kiwanja mahali pa heshima kuliko zote. Hati miliki ni ya thamani, lakini nakala yake ipo kwa Msajili wa Hati. Ikiungua utahangaika, utaanzia polisi kuchukua taarifa ya upotevu, utalipa na kungoja, mwisho utapata mbadala. Taarifa za benki, benki wanazo. Cheti cha kuzaliwa, RITA, yaani wakala wa serikali anayesajili vizazi, wanacho kwenye kumbukumbu zao. Sasa chukua ile karatasi moja ya mauziano ya nyumba ya udongo kule Duga au Mabawa, imeandikwa kwa kalamu, ina sahihi za mashahidi wawili na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Hiyo haina nduguye duniani. Muuzaji pengine ameshafariki, shahidi mmoja amehamia Dar es Salaam. Hiyo ndiyo ya kuingia kwenye sefu kwanza, ifuatwe na mikataba ya mikopo ambayo haijaisha, leja ya mwaka huu, na mihutasari ya vikao vilivyopitisha maamuzi ya pesa. Ukiisha kuchagua hivyo, mara nyingi utakuta kinachohitaji sefu ni kiasi cha kujaa ndoo moja.

Na leja mnayo nakala yake tayari, ila hamjaiita nakala. Iko majumbani mwa wanachama: ni kile kitabu cha mwanachama. Kama kila akiba na kila rejesho linaandikwa humo siku hiyo hiyo na kusainiwa, leja yenu iko katika nyumba mamia, na hakuna moto wa kuziunguza zote usiku mmoja. Mwaka 1973, mwezi wa Julai, jengo la kumbukumbu za wanajeshi wa zamani wa Marekani karibu na St. Louis liliungua siku kadhaa. Majalada kati ya milioni 16 na 18 yalipotea, hapakuwa na nakala wala filamu zake. Wale wazee walikuwa wanadai pensheni na matibabu. Walisaidiwaje? Wahusika waliingia kwenye karatasi za malipo ya mishahara na kumbukumbu za ofisi nyingine, mahali ambapo hakuna aliyefikiri pana ushahidi wa utumishi, wakajenga upya jalada moja baada ya jingine. Kazi hiyo imechukua miongo. Ninyi mna vitabu vya wanachama. Viangalieni kila robo mwaka, vilingane na leja. Nadhani hili lina faida kuliko kabati lolote la fundi, na wakaguzi wenu wa hesabu watalipenda kwa sababu nyingine.

Hapo ndipo mwenyekiti anapokuwa sahihi kuhusu picha. Pigeni, tena zipigwe vizuri: karatasi imelala mezani karibu na dirisha, ukurasa mzima unaonekana, muhuri unasomeka. Ila picha zikikaa kwenye simu yake peke yake, mmehamisha tatizo kutoka kwenye kabati kwenda mfukoni. Zihifadhiwe kwenye akaunti ya chama ya intaneti, na nyingine kwenye flashi itakayokaa mji mwingine, Muheza au Korogwe, kwa mjumbe mnayemwamini. Msizitupie kwenye kundi la WhatsApp la chama. Hizo ni taarifa za watu, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Asili zenyewe bado mzitunze, kwa sababu siku mtu akikana sahihi yake, hakimu atataka kuiona karatasi. Na flashi msiiweke kwenye sefu ya karatasi mkidhani iko salama. Nyuzi 177 karatasi inavumilia, flashi na diski haziwezi. Vyombo hivyo vina sefu zake, ambazo ndani hazitakiwi kupita nyuzi 52.

Kuna kitu kingine kisichovumilia, nacho ni risiti za EFD, zile mashine za kodi za dukani. Karatasi ile haina wino, huandikwa kwa joto. Ikipashwa moto yote inakuwa nyeusi, muda mrefu kabla haijaungua. Niliwahi kukabidhiwa bahasha ya risiti zilizotoka kwenye moto mdogo, bahasha haikuwa na hata alama, ndani risiti zote nyeusi tii kama karatasi ya kaboni. Kwa hali yetu ya Tanga hata bila moto zinafifia. Zitoleeni kivuli kwenye karatasi ya kawaida siku mnayozipokea.

Kulaminisha: hapana. Plastiki ile inayeyuka karibu na nyuzi 110, yaani sefu ikiwa inafanya kazi yake sawasawa, hati yako iliyolaminishwa itakuwa imeshageuka gundi. Ukiisha kulaminisha huwezi kurudi nyuma, na ofisi nyingine hazipendi hati iliyofunikwa. Hata yale mafaili ya plastiki laini yaacheni. Tumieni bahasha za karatasi, na mafungu yafungwe kwa utepe wa pamba, yabane. Fungu lililobana huungua kingo tu kwa muda mrefu, kwa kuwa hewa haipiti katikati. Karatasi moja moja zilizotawanyika hushika kama makuti.

Lakini sefu ya moto huku pwani ina adui wake. Ukuta wake una maji, mlango wake unabana, na hewa yetu, hasa masika, unaweza kuikamua. Karatasi iliyofungiwa humo mwezi mzima huota ukungu. Ifungueni mara moja kwa wiki, mchana wa jua, dakika kumi. Vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya msivitupe, viwekeni humo, na kila baada ya muda vikausheni kwenye moto mdogo sana.

Twende chumbani kwenyewe, maana nimeuliza mmejipangaje na jibu lako limenitia wasiwasi zaidi ya kabati. Umesema mko kwenye nyumba ya zamani ya vyumba sita, paa la bati, na kuta za ndani zimeishia darini. Hiyo ndiyo nyumba yetu ya Kiswahili, na ndiyo njia ambayo moto wa jirani utawajia. Hautapitia mlangoni. Utapanda kwenye dari lake, utatembea juu ya dari zote sita katika mbao na vumbi la miaka, utawashukia. Pesa ya kabati la fundi, mwulizeni mwenye nyumba kama mnaweza kuitumia kupandisha ukuta wa chumba chenu kwa tofali mpaka ufike kwenye bati, na mianya izibwe kwa udongo wa saruji. Mwezi wa Aprili 2021 moto wa mlimani uliingia Chuo Kikuu cha Cape Town ukaiteketeza sehemu ya kusomea ya maktaba ya Jagger, na hasara ilikuwa kubwa. Lakini milango ya moto iliteremka yenyewe na stoo ya vitabu ya chini haikuungua. Ililowa. Ukuta mzima na mlango mzima hufanya kazi hata usiku wa manane, mlinzi akiwa amelala. Mlango wenu nao uwe wa mbao ngumu, mvule au mninga. Ile milango myepesi ya plaiwudi, iliyo tupu katikati, ni karatasi juu ya karatasi.

Halafu tuulizane vizuri: nani anachoma udi humo ofisini siku ya Ijumaa? Napenda udi kama mtu yeyote wa pwani, lakini chetezo na makatoni ya leja havilali chumba kimoja. Koili ya mbu nayo ni hivyo hivyo. Ile ekstensheni inayobeba printa, feni, birika na chaji nne, itolewe leo, kila chombo kikubwa kiwe na soketi yake. Jioni wa mwisho kutoka azime swichi kuu. Umeme ukikatika usiku na kurudi kwa kishindo, usikute kitu cha kupiga shoti.

Rafu ya chini iinueni shibiri moja kutoka sakafuni, kwa sababu maji ya Zimamoto yanaishia hapo. Rafu ya juu isifike darini, joto hukusanyika huko.

Kuhusu mitungi ya kuzimia moto: wa unga ndio unaopatikana kila mahali, nao unazima mwali vizuri, ila haupozi. Leja iliyoshika moto inafukuta ndani kama tanuri la mkaa, na baada ya saa moja inaamka tena. Wa kaboni dioksaidi ni kwa kompyuta na waya. Ukiupuliza kwenye karatasi unazirusha zikiwa zinawaka. Karatasi dawa yake ni maji, umeme ukiwa umeshazimwa. Watu huogopa maji kwa ajili ya wino. Usiogope: karatasi iliyolowa ina dawa, jivu halina. Wino wa kalamu ya biki hautoki upesi, maandishi ya printa ya unga hayatoki, muhuri na wino wa maji ndivyo vitakavyoondoka. Namba ya Zimamoto ni 114, iandikeni kwa maandishi makubwa mlangoni, na ipigwe kabla mtu hajaanza kuhangaika na mtungi.

Zikilowa, mna kama siku mbili. Kwa joto la hapa, siku ya tatu ukungu umeshaanza. Zile chache zianikeni ndani, kivulini, feni inapita, msizitoe juani zikakunjamana na kufifia. Zikiwa nyingi kuliko mikono yenu, zifungeni mafungu madogo kwenye kitambaa cha pamba na plastiki safi, mpeleke kwa mwenye friza. Mji wa wavuvi haukosi friza. Zikiganda, ukungu unasimama, na mnaweza kutoa fungu moja moja kwa wiki kadhaa mkikausha kwa utulivu. Kule St. Louis majalada yaliyolowa walilazimika kuyakaushia kwenye chumba cha kunyonya hewa kilichotumika kufanyia majaribio ya safari za anga. Friza la nguru na jodari litawatosha. Picha na karatasi za kung'aa msiziache zikauke zikiwa zimeshikana, hazitaachana tena.

Umeuliza mwishoni, kwa mstari mmoja nilioukata hapo juu, mkinunua sefu funguo zake zikae wapi. Moja kwako, moja kwa mweka hazina, nyumba mbili tofauti. Na ile ya akiba ya kabati lenu la sasa, ambayo najua iko kwenye droo ya meza humo humo ofisini, itoe leo kabla hujafunga.